Jina, Sauti na Pakiti: Uhakiki wa Ushindani wa FIFA na PES Kutoka Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ushindani wa mifululizo miwili ya michezo ya video ya kandanda, yaani FIFA wa kampuni ya EA Sports na Pro Evolution Soccer (PES) wa kampuni ya Konami, kama unavyosomeka kutoka miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi. Uhakiki uliozoeleka hupima ushindani huo kwa uzuri wa picha na wepesi wa uchezaji. Makala yanajenga hoja kwamba kwa mchezaji anayetumia Kiswahili suala zito zaidi ni la lugha: nani ana haki ya kutaja majina, nani anasimulia mechi, na masharti ya malipo yameandikwa kwa lugha ya nani. Inaonyeshwa kwamba PES, kwa kukosa leseni, iliacha mapengo ambayo lugha ya mchezaji iliweza kuyajaza, ilhali FIFA iliyaziba kwa fedha. Na kwamba tangu 2021 mifululizo yote miwili imekutana katika biashara ya pakiti za kubahatisha. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa vyombo vya Kiswahili vya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa kwanza wa mfululizo wa FIFA ulitolewa Desemba 1993. Konami ilijibu kwa michezo yake ya miaka ya katikati ya 1990, ukiwemo Winning Eleven uliotoka Japani, na kuanzia 2001 ikautangaza mfululizo wake duniani kwa jina la Pro Evolution Soccer. Kwa miaka ishirini iliyofuata kila msimu ulikuwa na swali lake: mwaka huu nani kashinda? Wapenzi wa FIFA walitaja nyuso za wachezaji, viwanja, jezi halisi na majina kamili ya ligi. Wapenzi wa PES walitaja uzito wa mpira, nafasi za viungo na ile raha ya bao lililojengwa kwa pasi kumi.

Kisha ushindani ukabadilika sura. Mwaka 2021 Konami iliacha jina la PES na kutoa eFootball, mchezo unaopakuliwa bila malipo. Mwaka 2022 EA na Shirikisho la Kandanda la Kimataifa zilitangaza kuachana. FIFA 23 ikawa ya mwisho kubeba jina hilo, na Septemba 2023 ukatoka mchezo uitwao EA Sports FC 24. Gazeti la The New York Times lilikuwa limeripoti 2021 kwamba Shirikisho lilitaka malipo ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila kipindi cha miaka minne ya Kombe la Dunia. Oktoba 2024 Shirikisho hilohilo likatangaza ushirikiano na Konami, na Desemba mwaka huo mashindano yake ya kielektroniki yaliyofanyika Riyadh yakachezwa kwa eFootball. Jina la FIFA, ambalo kwa karibu miaka thelathini lilikuwa ngao ya upande mmoja, likahamia kwa mpinzani.

Tukio hilo linatosha kuonyesha kwamba jina si pambo katika ushindani huu. Jina ndilo bidhaa. Hata hivyo, uhakiki wa michezo hii kwa Kiswahili umekuwa haba, na pale unapotokea hufuata mizani ya picha na kasi. Makala haya yanachukua njia nyingine. Yanatumia dhana tatu. Ya kwanza ni ya Johan Huizinga (1938), kwamba mchezo ni uwanja wenye kanuni zake uliotengwa na maisha ya kawaida, na kwa hiyo anayeingia hukubali sheria za mwenye uwanja. Ya pili ni ya Ian Bogost (2007), kwamba kanuni za mchezo wa video zenyewe ni balagha: hushawishi kwa kile zinachoruhusu na kukataza, hata pasipo neno kutamkwa. Ya tatu ni ya Lawrence Venuti (1995), aliyeonyesha jinsi mfasiri anavyofichwa ili matini ionekane kama haikuwahi kufasiriwa. Kwa pamoja dhana hizi zinawezesha kuuliza: katika uwanja wa FIFA na PES, mchezaji wa Gitega au Muyinga amekubali sheria za nani, zinamshawishi nini, na nani anamfasiria?

2.0 Gitega na Muyinga: hali mbili za Kiswahili

Burundi ni nchi ambayo karibu kila raia wake ana lugha moja ya pamoja, Kirundi. Sheria ya lugha ya 2014 ilikitambua Kirundi kuwa lugha ya taifa na rasmi, ikaweka Kifaransa na Kiingereza pia kuwa lugha rasmi. Kiswahili kimebaki lugha ya biashara, ya barabara kuu, ya mitaa ya Waswahili mijini na ya somo la shule tangu miaka nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kwa muda mrefu jina la Mswahili lilibebeshwa maana ya mtu mjanja wa mjini, asiyeaminika sana. Lugha ikapokea sehemu ya lawama hiyo.

Gitega ilianzishwa kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1912, na tangu mwisho wa 2018 imepewa hadhi ya kuwa makao makuu ya kisiasa. Ni mji wa shule, makanisa, ofisi na makumbusho ya taifa. Kirundi kinatawala nyumbani, Kifaransa darasani na katika nyaraka. Kiswahili kipo, lakini kwa wengi ni lugha ya kuingia nayo sokoni na kutoka nayo. Muyinga, kaskazini mashariki, uko kwenye njia ya Kobero, mpaka unaotazamana na Kabanga katika wilaya ya Ngara, Tanzania. Malori ya kutoka Dar es Salaam hupita hapo. Jamii ya Waislamu ni kubwa. Na familia zilizoishi katika kambi za wakimbizi za Tanzania zimerudi na watoto waliokulia ndani ya Kiswahili au karibu nacho.

Tofauti hiyo ina uzito katika uhakiki huu, kwa sababu mchezo wa video haumkuti mchezaji akiwa mtupu. Kijana wa Gitega aliyesoma Kifaransa anaweza kubadilisha menyu ya mchezo na kumsikiliza Hervé Mathoux katika FIFA au Grégoire Margotton katika matoleo ya PES ya muongo uliopita, na akaelewa. Kijana wa Muyinga ambaye kandanda yake ameisikia kwenye redio na televisheni za Kiswahili za upande wa pili wa mpaka hana chaguo la namna hiyo. Mchezo ni uleule. Mlango wa kuuingilia si mmoja.

Jambo linaloiunganisha miji hii miwili ni uchumi wa uchezaji. Ni takriban mtu mmoja tu kati ya kumi nchini anayefikiwa na umeme. Kama katika miji mingi ya kanda, mchezo huchezwa zaidi mahali pa pamoja: mashine moja, pedi mbili, malipo kwa mechi, aliyefungwa anampisha anayengoja. Toleo jipya la kila Septemba halifiki Septemba. Matoleo ya miaka tofauti huishi pamoja, na lile lisilohitaji intaneti lina faida ambayo wahakiki wa London au Tokyo hawana sababu ya kuihesabu. Kwenye simu, programu zinazoigiza mashine ya PSP zimerefusha maisha ya PES na FIFA za 2014, mwaka wa mwisho ambao mifululizo yote miwili ilitoa matoleo ya mashine hiyo. Kwa hiyo mtu anayeandika kwamba ushindani wa FIFA na PES uliisha 2021 anaandika historia ya soko. Historia ya matumizi bado inaendelea.

3.0 Jina kama mali, jina kama lakabu

Tofauti ya msingi ya mifululizo hii ilikuwa ya kisheria kabla ya kuwa ya kisanaa. EA ilinunua leseni za ligi, klabu na wachezaji kwa wingi ambao Konami haikuufikia. Konami ilikuwa na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa miaka kumi, 2008 hadi 2018, kisha ikaipoteza kwa EA. Ligi Kuu ya Uingereza kwa sehemu kubwa haikuwa nayo. Matokeo yake ni orodha ya majina ambayo mashabiki duniani waliicheka: Manchester United iliitwa Man Red, Liverpool ikawa Merseyside Red, Chelsea ikawa London FC. Katika sehemu ya mchezo iitwayo Master League, mchezaji alianza na kikosi cha watu wa kubuni kama Castolo, Minanda na Ximelez.

Uhakiki wa Kizungu uliyasoma majina hayo kama upungufu. Yakisomwa kutoka ndani ya Kiswahili cha kandanda, yanaonekana tofauti. Man Red ni jina linaloundwa kwa kufunga mahali na rangi pamoja. Muundo huo ndio uliozaa lakabu ya Simba ya Dar es Salaam, Wekundu wa Msimbazi. Na Watoto wa Jangwani, lakabu ya Yanga, inatumia mahali vilevile. Timu ya taifa ya Burundi yenyewe inajulikana zaidi kwa lakabu yake ya Kirundi, Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu vitani, kuliko kwa jina la shirikisho lake. Katika utamaduni huu wa kandanda jina rasmi ni la karatasi. Jina linaloimbwa ni lakabu. Konami, kwa kukwepa mahakama, iliangukia kwenye kanuni ya utunzi ambayo msikilizaji wa Kiswahili anaijua tangu utoto. Haikukusudia hivyo, lakini matini haihukumiwi kwa makusudio peke yake.

Pengo hilo lilikuwa na manufaa ya pili. PES iliruhusu majina, jezi na nembo kuhaririwa na mchezaji mwenyewe. Nchini Brazili uhuru huo ulizaa viraka maarufu vya Bomba Patch, vilivyogeuza mchezo wa Kijapani kuwa wa klabu za Brazili na utangazaji wa Kireno cha Brazili. Mantiki hiyohiyo inaonekana Afrika Mashariki katika jezi za Simba na Yanga ambazo wachezaji huziingiza katika Dream League Soccer, mchezo mwepesi wa simu ambao kwa wengi ni mshindani wa tatu asiyetajwa. Kwa istilahi za Venuti, hapa mfasiri haonekani kwa sababu ni mchezaji mwenyewe. Lakini kazi yake iko wazi kwa kila anayeitazama skrini.

FIFA ilijibu hitaji la jina kwa njia ya mali. Ilikuwa na kila kitu, isipokuwa kile ambacho hakikununuliwa. Katika matoleo ya kila mwaka ya miaka ya karibuni Burundi haimo kama timu ya taifa, wala ligi yake, wala ya Tanzania. Afrika ya klabu iliwakilishwa kwa miaka kadhaa na Kaizer Chiefs na Orlando Pirates za Afrika Kusini. Toleo maalumu la Kombe la Dunia la 2010 liliweka timu za taifa 199. Toleo la kawaida lililofuata likaufunga mlango huo tena. Burundi ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika 2019 nchini Misri, ikafungwa mechi zote tatu, lakini ilikuwapo. Katika uwanja wa video haikuwapo.

Mfano wa Saidi Ntibazonkiza unaliweka suala hili katika mwili wa mtu mmoja. Mzaliwa huyo wa Bujumbura alicheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa kabla ya kurudi Afrika Mashariki na kuvaa jezi ya Yanga, kisha ya Simba, ambako alimaliza msimu wa 2022/23 miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania. Alipokuwa katika ligi za Uholanzi na Ufaransa, zenye leseni ndani ya FIFA, jina lake lilikuwa na mahali katika mchezo. Alipofika mahali ambapo mashabiki wa Muyinga wangeweza kumfuatilia kwa lugha yao kila wiki, mchezo haukuwa tena na ligi ya kumweka. Kanuni inayosemwa na mpangilio huu haihitaji maneno: mchezaji wa kanda hii yupo duniani anapoondoka, na hutoweka anaporudi nyumbani.

Leseni, hata hivyo, ni upanga unaokata pande zote. Konami ilipopata haki za pekee za Juventus, klabu hiyo iliitwa Piemonte Calcio katika FIFA kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 22. Waliokuwa wakiicheka Man Red wakajikuta nao wanacheza dhidi ya lakabu ya lazima. Tukio hilo liliondoa dai kwamba upande mmoja ulikuwa wa uhalisia na mwingine wa kubuni. Uhalisia katika michezo hii ni mkataba wenye tarehe ya kwisha.

4.0 Sauti ya mtangazaji

Utangazaji wa mchezo wa video hausimulii mechi kama redio inavyosimulia. Ni hazina ya vipande vya sauti vilivyorekodiwa kabla, ambavyo programu huviita tukio linapotokea: shuti, kona, kadi, bao. Majina ya wachezaji hurekodiwa peke yake, mara nyingi kwa viimbo kadhaa, kisha hupachikwa ndani ya sentensi. Asiyerekodiwa huitwa kwa nafasi yake uwanjani, kwa namba, au haitwi.

Utaratibu huo unagongana na jina la Kirundi kwa namna ya pekee. Majina mengi ya Warundi ni sentensi kamili: Nduwimana ni kauli ya mtu anayesema kwamba yeye ni wa Mungu, Tuyisenge ni mwito wa kumwomba. Kumwita mtu ni kutamka kauli ya mzazi wake. Mashine inayokata majina vipande na kuyapanga kwa wingi wa mauzo haina nafasi ya kauli hizo, na kijana anayetengeneza mchezaji wa jina lake hutazama jina hilo likiandikwa mgongoni mwa jezi huku mtangazaji akilipita kimya.

Mifululizo yote miwili imetoa utangazaji kwa lugha nyingi, Kiarabu kikiwemo. Kiswahili hakimo. Katika hili FIFA na PES hazikuwahi kuwa washindani. Sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Martin Tyler upande mmoja, na ya Jon Champion, baadaye Peter Drury, upande wa pili. Wachezaji wengi wa Kiswahili wamezijua sauti hizo kama muziki: wanatambua kupanda kwake kabla ya bao bila kufuata maneno.

Kilichojaza nafasi hiyo ni utangazaji wa mdomo wa wachezaji na wanaongoja zamu. Hapa ndipo Kiswahili cha kandanda kinapoonyesha utajiri ambao menyu haina. Mpira uliopita kati ya miguu ya beki ni tobo. Uliopitishwa juu ya kichwa chake ni kanzu. Timu inayojilinda kwa watu kumi imepaki basi. Bao limecheka na nyavu. Na mchezo ukikaribia kwisha, hizo ni dakika za lala salama. Kila mojawapo ni sitiari iliyokwisha kukomaa, na iliundwa na watangazaji wa redio na mashabiki bila msaada wa kamati yoyote. Kwa Muyinga msamiati huu huja kutoka kwenye matangazo ya Tanzania na kuchanganyika na Kirundi. Kwa Gitega huchanganyika pia na Kifaransa cha shule, na mtu yuleyule anaweza kulalamika kwa Kirundi, kutambia kwa Kiswahili na kusoma matokeo kwa Kifaransa.

Haifai kuupamba mchanganyiko huo kupita kiasi. Mahali pa mchezo ni pa wavulana, na lugha yake ni lugha ya wavulana, pamoja na matusi yake. FIFA 16 ilipoweka kwa mara ya kwanza timu za wanawake, timu zote 12 zilikuwa za taifa na hakuna hata moja ya Afrika. PES haikuweka yoyote. Mpangilio wa mchezo na mpangilio wa kibanda unapochezewa ulikubaliana kumweka msichana nje. Anayetaka kukusanya msamiati wa uchezaji kama hazina ya Kiswahili hana budi kukumbuka nani hakuwepo ulipoundwa.

5.0 Kutoka kujenga timu hadi kufungua pakiti

Tofauti ya balagha ya mifululizo hii ilikuwa dhahiri zaidi katika njia ya kupata timu bora. Master League ya PES ilimpa mchezaji Castolo na wenzake, watu wasio na sifa, ikamtaka ashinde, aweke akiba, anunue mmoja, auze mmoja. Hoja ya kanuni zake ilikuwa kwamba kikosi hujengwa. FIFA ilianzisha Ultimate Team mwaka 2009, ambamo wachezaji hupatikana kwa kadi, na kadi kwa pakiti ambazo mnunuzi hajui kilichomo mpaka azifungue. Hoja ya kanuni zake ni kwamba kikosi huangukia mtu kwa bahati, na bahati inaweza kununuliwa tena.

Balagha ya pili ndiyo iliyoshinda. Konami ilianzisha myClub katika PES 2015 kwa mantiki ya namna hiyohiyo, na eFootball ilipozinduliwa 2021 haikuwa na Master League. Wahakiki walioandika kuhusu uzinduzi huo walitaja hasa nyuso zilizopotoka na kasoro za kiufundi. Hasara kubwa zaidi ilikuwa ya maana: mfululizo uliokuwa ukisema kwamba timu hujengwa ulinyamaza, na ushindani wa kauli mbili ukawa ushindani wa maduka mawili yanayouza kitu kimoja.

Hapa suala la lugha linaacha kuwa la urembo. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji ya michezo ya kubahatisha iliamua kwamba pakiti za namna hii ni kamari chini ya sheria ya nchi hiyo, na Januari 2019 EA iliacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Mtoto wa Brussels alilindwa kwa sheria iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma. Mtoto wa Gitega, katika nchi iliyowahi kutawaliwa na Ubelgiji huohuo, hupewa masharti ya matumizi kwa lugha ambayo pengine ameisoma shuleni. Yule wa Muyinga hupewa kwa lugha ambayo pengine hakuisoma vya kutosha. Wote wawili hubonyeza kitufe cha kukubali.

Inaweza kusemwa kwamba hatari hiyo ni ndogo mahali ambapo kadi za benki ni chache. Hoja hiyo ina ukweli kwa leo. Lakini malipo kwa simu yamekwisha kuwa ya kawaida mijini, na eFootball na EA Sports FC Mobile hupakuliwa bila malipo kwenye simu zilezile zinazobeba fedha za familia. Zaidi ya hayo, pakiti hufundisha kabla hazijalipiwa: hutolewa chache bure, zikiwa na taa, sauti na kungoja, ili mkono uzoee. Kwa jambo hilo Kiswahili kina neno wazi, kamari, ambalo kila mzazi wa Muyinga analielewa na kila imamu au padri anaweza kulitumia bila kamusi. Menyu za michezo hii, katika lugha zote zilizomo, huliepuka neno la namna hiyo. Kutokuwapo kwa Kiswahili ndani ya mchezo kuna maana ya kutokuwapo kwa neno ambalo lingeitaja biashara hiyo kwa jina lake.

6.0 Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba makala haya yanaipa PES sifa isiyostahili. Ni kweli kwamba mapengo yake yalitokana na kukosa fedha, si na ukarimu, na kwamba nayo haikuijali Burundi kuliko mpinzani wake. Hata hivyo, matokeo yana thamani yake. Matini iliyoacha nafasi ilijazwa. Matini iliyofungwa haikujazwa. Mpangaji wa sera anaweza kujifunza kutokana na matokeo bila kumshukuru aliyeyasababisha.

Pingamizi la pili ni la sheria. Viraka na nakala zisizo na leseni ni ukiukaji wa hakimiliki, na taasisi za umma haziwezi kuvipendekeza. Hilo linakubalika. Lakini linathibitisha hoja kuliko kuivunja: ikiwa njia pekee ya mchezo kuzungumza Kiswahili au kuvaa jezi ya klabu ya kanda ni kupitia kiraka, basi soko halali limeshindwa kutimiza hitaji lililo wazi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwa nini Kiswahili, na si Kirundi, lugha ambayo Gitega na Muyinga zote zinaijua? Jibu si kwamba Kirundi hakistahili. Ni kwamba mashirika ya michezo hupima lugha kwa ukubwa wa soko, na Kiswahili, ambacho UNESCO inakihesabia zaidi ya wasemaji milioni 200, ndicho chenye nguvu ya kudai mlango ufunguliwe. Mlango huo ukifunguliwa kwa Kiswahili kwa njia inayoruhusu majina na sauti za ziada kuongezwa, Kirundi kitapita nyuma yake. Ukifunguliwa kwa Kiswahili sanifu peke yake na kufungwa, Gitega itakuwa imebadilishiwa bwana tu.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Ushindani wa FIFA na PES umeishia mahali ambapo washindani wamebadilishana jina na kugawana biashara. Kwa mizani ya picha, historia yake ni ya maendeleo. Kwa mizani ya lugha, ni historia ya kupungua kwa nafasi: kutoka mchezo ambao kijana angeweza kuuandika upya majina na kuusimulia mwenyewe, hadi mchezo unaosasishwa kutoka mbali, usiohaririwa kwa urahisi, na unaoishi kwa malipo madogomadogo. Matoleo ya zamani yanayoendelea kuchezwa Gitega na Muyinga hayachezwi kwa ajili ya upinzani. Yanachezwa kwa sababu ya bei, umeme na bando. Hata hivyo yamehifadhi namna ya kucheza ambayo soko limeiacha.

Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya sambamba na Kifaransa. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi za Jambo mwaka 2004, imedhihirika kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu ya kompyuta. Simu nyingi leo zina menyu za Kiswahili, na ni mchezo uliomo ndani yake tu usiokuwa nacho. Kwa msingi huo mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na BAKITA, BAKIZA na wanaisimu wa Burundi, ikusanye msamiati wa uchezaji kutoka kwa wanaoutumia, na iutangulize ule uliokomaa kabla ya kubuni mpya. Aliyekwisha kusema tobo hahitaji kufundishwa neno jingine.

Pili, mamlaka za kulinda walaji na za mawasiliano katika nchi wanachama zitake masharti ya malipo ndani ya michezo ya simu yaelezwe kwa Kiswahili na, kwa Burundi, kwa Kirundi pia, na kwamba pakiti za kubahatisha zitajwe kwa neno linaloeleweka. Sharti hili ni jepesi kuliko la utangazaji kamili, na ndilo la haraka zaidi.

Tatu, vyama vya kandanda vya kanda vinapojadili haki za picha na majina ya ligi zao, vijadili pia haki za michezo ya video kwa pamoja, na katika mazungumzo hayo utangazaji wa Kiswahili uwe sehemu ya bei. Ligi moja ya kanda hii ni ndogo mbele ya EA au Konami. Ligi zote za Jumuiya, zikiwa na lugha moja ya kutangazia, ni soko ambalo mmoja wao atataka kulipata kabla ya mwenzake. Na ushindani wao, ambao hadi sasa umeipita Burundi kando, utakuwa umepatiwa kazi ya kufanya hapa.